Jengo la nyuma lililodhaniwa kuwa nyongeza: kisa cha nyumba ya shamba ya mawe huko Uskoti

Kisa kwa ufupi

Familia moja ilinunua nyumba ya shamba ya mawe mashariki mwa Uskoti, ikakuta kuta zimelowa, ikaamua kubomoa sehemu iliyoonekana duni ili ijenge jiko jipya la vioo. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu hiyo duni ndiyo nyumba ya kwanza kabisa kusimama pale, na kwamba maji mengi hayakuwa yakipanda kutoka ardhini kama familia ilivyoambiwa. Nimeondoa jina la shamba, la wilaya na la kila aliyehusika, na vipimo vimekadiriwa ili nyumba isitambulike.

Nyumba yenyewe

Ukitokea barabarani unaona jengo kuu: vyumba vya chini na vya juu, mlango katikati, dirisha moja kila upande wa mlango, madirisha matatu juu, na dohani moja kwenye kila ncha ya paa. Nyumba za sura hii ni nyingi katika nyanda za mashariki mwa Uskoti. Zilianza kujengwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 18, wenye ardhi walipovunja mashamba ya zamani yaliyolimwa kwa ushirika, wakayazungushia kuta na miti, wakampangisha mkulima mmoja shamba zima, mara nyingi kwa mkataba wa miaka 19. Mkulima aliyefunga mkataba wa namna hiyo hakukubali kuishi katika kibanda cha nyasi, na mwenye ardhi naye alitaka nyumba itakayowavutia wapangaji hodari.

Kuta za jengo kuu ni za mawe ya mchanga, unene wa sentimita 65 hivi. Zimejengwa kwa nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pakajazwa mawe madogo na chokaa. Mawe ya kuchongwa yametumika kwenye pembe za nyumba na kuzunguka milango na madirisha tu. Kwingine kote ni mawe ya kawaida, ambayo hayakukusudiwa kuonekana. Yalifunikwa kwa lipu ya kurusha ya chokaa na mchanga mnene. Paa limeezekwa kwa vigae vya mawe kutoka Ballachulish, machimbo ya magharibi yaliyofungwa mwaka 1955. Vigae hivyo ni vizito na havilingani ukubwa, kwa hiyo fundi huvipanga vikubwa chini na vidogo kileleni. Kila kimoja hushikwa na msumari mmoja juu, kikipasuka jirani yake anasogezwa pembeni na kipya kinaingia. Sijaona paa jingine la mawe lililofikiriwa vizuri hivi kwa ajili ya fundi atakayekuja kulikarabati baada ya miaka 100.

Nyuma ya jengo kuu, kwa pembe mraba, limeungana jengo la chini lisilo na ghorofa, lenye madirisha madogo na kuta zilizopinda kidogo. Mashariki kuna jengo la tatu lenye dirisha kubwa linalotokeza mbele kwa pande tatu. Na katika kona kati ya jengo kuu na jengo la nyuma kilisimama chumba cha matofali ya zege chenye paa bapa, kilichojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya jiko na bafu. Wakati huohuo nyumba nzima ilipigwa lipu ya saruji.

Nyumba imeorodheshwa katika daraja B. Uskoti huweka majengo yake ya kihistoria katika madaraja A, B na C, na chini ya sheria ya mwaka 1997 ulinzi huo kwa kawaida unahusu nje na ndani, pamoja na nyongeza zake. Kibali cha kubadilisha chochote kinachogusa sifa ya jengo hutolewa na halmashauri, na kwa madaraja A na B halmashauri huomba maoni ya Historic Environment Scotland, taasisi ya taifa iliyoanza kazi mwaka 2015.

Walichotaka wenye nyumba

Hawakuwa watu wa kudharau mambo ya kale. Waliipenda nyumba, hasa sura yake ya mbele. Maelezo waliyopewa yalisema jengo la mbele ndilo nyumba ya asili, la mashariki liliongezwa enzi za Malkia Victoria, na la nyuma ni "stoo za baadaye". Ilionekana ni haki: ondoa stoo na chumba cha zege, jenga jiko la vioo linalotazama bustani.

Mkandarasi wa kutibu unyevu alikuwa amekwisha kupita. Alibonyeza kuta kwa kifaa chenye sindano mbili, akasema unyevu unapanda kutoka ardhini katika kuta zote za chini, akapendekeza zitobolewe na kuchomwa dawa ya kuzuia maji, kisha zipigwe saruji ndani hadi urefu wa mita moja. Dhamana aliyoahidi ilikuwa ya miaka 20, na familia ilikaribia kutia sahihi.

Uchunguzi wa majira moja ya baridi

Msanifu majengo waliyemwajiri alikataa kuchora chochote kabla ya kuiona nyumba ikinyeshewa. Wenye nyumba hawakufurahi, maana kila mwezi wa kusubiri ulikuwa kodi ya nyumba nyingine. Lakini walikubali, na miezi hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Ramani zilitangulia. Ramani ya kijeshi ya William Roy, iliyochorwa kati ya 1747 na 1755, inaonyesha makazi mahali pale kwa alama tu. Haiwezi kukutofautishia jengo na jengo. Toleo la kwanza la ramani kubwa za Ordnance Survey, shirika la taifa la kuchora ramani, linaonyesha majengo mawili yaliyokaa kama kona, bila la mashariki. Toleo lililofuata linayo yote matatu. Ramani hizi zimewekwa wazi mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na mtu yeyote mwenye nyumba ya zamani nchini humo anaweza kuzitazama bila malipo.

Madirisha yalikubaliana na ramani. Yale ya jengo kuu yana vioo vidogo 12, sita juu na sita chini. Ya mashariki yana vioo vikubwa, na fremu ya juu ya kila dirisha ina vipembe vidogo vya mbao vinavyoning'inia chini ili kuimarisha viungo vinavyobeba kioo kizito. Ushuru wa vioo ulifutwa mwaka 1845, na baada ya hapo kioo kipana kikafikiwa na mkulima aliyefanikiwa.

Hapo kila kitu kililingana na maelezo ya mwanzo. Kisha, kwa idhini ya halmashauri, fundi mwashi alibandua saruji katika vipande vichache pale jengo la nyuma linapokutana na jengo kuu.

Kama jengo la nyuma lingekuja baadaye, kuta zake zingeegemea ukuta wa jengo kuu. Ilikuwa kinyume chake. Mawe makubwa ya pembe ya jengo la nyuma yaliendelea kupanda yakiwa yamekamilika, hata mahali yalipozibwa na ukuta wa jengo kuu. Hakuna mwashi anayechonga pembe safi ili aifiche ndani ya ukuta mwingine. Pembe ile ilisimama nje, ikipigwa na jua na mvua, kabla jengo kuu halijakuwepo.

Udongo ulithibitisha. Mawe ya jengo kuu yameshikwa kwa chokaa. Ya nyuma yameshikwa kwa udongo wa mfinyanzi, chokaa ikipakwa kwenye uso tu. Tofauti hiyo ina historia yake. Wenye ardhi wa karne ya 18 walihitaji chokaa kwa wingi ili kupunguza uchachu wa udongo wa mashamba, na tanuru zikaenea. Za Charlestown huko Fife, zilizoanzishwa na Earl wa Elgin, mwenye ardhi mkubwa, katika nusu ya pili ya karne hiyo, zikawa miongoni mwa kubwa kabisa. Chokaa iliyochomwa kwa ajili ya shayiri ikawafikia waashi pia. Ukuta wa udongo na ukuta wa chokaa katika shamba moja mara nyingi ni ukuta wa kabla na ukuta wa baada ya mageuzi hayo ya kilimo.

Ndani, nyuma ya lipu, zilionekana nafasi za wima katika kuta ndefu, mahali miti iliyopinda ilipokuwa ikisimama kubeba paa. Na juu ya paa, kwenye dohani, kuna mawe bapa yanayotokeza, yakielea kiganja kizima juu ya vigae bila kazi yoyote. Mawe hayo yaliwekwa kuzuia maji ya mvua pale nyasi za paa zinapogusa dohani, na paa la nyasi ni nene kuliko la vigae. Nyasi zilipoondolewa mawe yalibaki.

Kwa hiyo "stoo za baadaye" zilikuwa nyumba ya mkulima wa kabla ya mageuzi. Nyumba mpya ilipojengwa mbele yake, ya zamani haikubomolewa; ilishushwa cheo ikawa jiko, mahali pa kuhifadhi maziwa na malazi ya vijakazi.

Kuhusu maji, timu ya msanifu ilitoboa kuta kwa kimo na kina tofauti, ikapima unga wa mawe, ikaukausha kwenye tanuri na kuupima tena. Kifaa cha sindano hupima upitishaji wa umeme, na chumvi iliyomo kwenye lipu ya zamani hukifanya kiseme "maji" hata pakiwa pakavu. Unyevu wa ardhini hupungua kadiri unavyopanda. Hapa sehemu iliyolowa kuliko zote ilikuwa mita mbili juu ya sakafu, kwenye mstari ambapo paa bapa la miaka ya 1970 liligusa ukuta wa kale. Bati la risasi lililoziba mshono huo lilikuwa la kipande kirefu mno; jua lililitanua, baridi ikalikunja, likapasuka. Dohani zilikuwa zimezibwa juu bila tundu la hewa. Upande wa magharibi saruji ilikuwa na nyufa nyembamba zilizoingiza mvua lakini hazikuiruhusu kutoka. Na lami ya ua ilikuwa imepandishwa hadi juu ya sakafu ya ndani.

Maamuzi na sababu zake

La nyuma libaki. Baada ya ugunduzi ule halikuhitaji mjadala mrefu, ingawa familia ilihuzunika kwa wiki kadhaa, na ninawaelewa.

La mashariki ndilo lililoleta ubishi. Msanifu mwenyewe alivutiwa kwa muda na wazo la kuliondoa ili sura ya mbele irudi kuwa linganifu. Waliamua kuliacha. Ni kazi nzuri ya mikono, na ndiyo kumbukumbu ya miaka ya neema kabla ya bei za nafaka kuanguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Mimi naona walifanya sahihi kabisa. Kurudisha nyumba katika mwaka mmoja uliochaguliwa na mtu wa leo ni kuifutia wakulima waliokuja baadaye, na ulinganifu wa mbele haujawahi kuwa ukweli wote wa nyumba hii: tangu siku ya kwanza ilisimama na nyumba nyingine mgongoni mwake.

Chumba cha zege kiondoke. Sababu iliyoandikwa kwenye maombi haikuwa umri wake wala sura yake. Ilikuwa kwamba kinamwaga maji kwenye kuta mbili na hakuna namna ya kukirekebisha bila kulijenga paa upya. Badala yake kikachorwa chumba kidogo zaidi cha mbao na vioo, kimetenganishwa na kuta za kale kwa ujia mwembamba wa kioo, na paa lake linapeleka maji nje, mbali na nyumba. Kutoka barabarani hakionekani. Kibali kilitolewa kwa hicho.

Saruji ibanduliwe na lipu ya kurusha ya chokaa irudi, lakini kwanza kipande cha majaribio kila upande. Majaribio yalizuia hasara: kuzunguka madirisha mawili ya mbele saruji iling'ang'ania kiasi cha kung'oa uso wa mawe ya kuchongwa. Hapo iliachwa, isubiri miaka iilegeze yenyewe.

Dawa ya sindano ilikataliwa. Ukuta wa nyuso mbili wenye kifusi katikati hauwezi kupata tabaka la dawa lisilokatika, na saruji ya ndani ingesukuma maji juu zaidi. Madirisha yalibaki, yakaongezewa kioo cha pili upande wa ndani. Joto lilizuiliwa darini kwa nyuzi za mbao, na nafasi za hewa zikaachwa kwenye kingo za paa. Kuta hazikujazwa povu.

Fedha zilielekeza kinyume wakati wote. Katika Ufalme wa Muungano ukarabati kwa kawaida hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ilhali kujenga nyumba mpya hakutozwi. Tangu Oktoba 2012 hata mabadiliko yaliyopewa kibali kwenye majengo yaliyoorodheshwa hutozwa. Anayehifadhi analipa kodi ambayo anayejenga upya halipi, na sijasikia hoja ya kunishawishi kwamba hilo ni sawa.

Popo na baridi

Ubomoaji wa chumba cha zege na uchimbaji wa ua ulikwenda vizuri. Mhandisi alisimamisha uchimbaji mapema nyuma ya nyumba, kwa kuwa msingi wa jengo la kale ulikuwa wa kina kifupi sana. Kuushusha ua hadi chini ya sakafu kungeweza kuufanya ukuta wa udongo uteleze. Wakatosheka na mfereji mfupi wa kokoto.

Mwanzoni mwa kiangazi fundi wa paa aliinua vigae vya jengo la nyuma akakuta popo na watoto wao. Popo wote nchini humo wanalindwa na sheria, na kuwagusa au kuharibu makao yao bila leseni ya NatureScot, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa mazingira asilia, ni kosa la jinai. Kazi ilisimama mpaka watoto waweze kuruka na leseni ipatikane. Paa lilifunguliwa tena Septemba. Lipu ya ukuta wa kaskazini haikuweza kupigwa kabla ya kingo za paa kukamilika, kwa hiyo ilipigwa mwishoni mwa Oktoba.

Chokaa haipendi baridi ya chini ya nyuzi 5, na ikiganda kabla ya kushika, maji yaliyomo hutanuka na kuivunja. Mafundi walifunika ukuta kwa magunia. Usiku mmoja wa Novemba upepo ulipeperusha sehemu ya magunia, na asubuhi kulikuwa na barafu. Kwa macho ukuta ulionekana mzima mpaka Machi, lipu ilipoanza kudondoka kama unga. Karibu theluthi moja ya upande huo ilibanduliwa na kupigwa upya mwezi Mei.

Matokeo

Vipimo vya mwaka uliofuata vilionyesha ukuta ulio chini ya paa bapa la zamani ukikauka polepole. Ukuta mnene hivyo haukauki kwa msimu mmoja, na familia ilishauriwa isipake rangi ya mafuta wala kubandika karatasi ndani mpaka utakapotulia. Vyumba vya juu vilipoteza harufu ya ukungu mara dohani zilipopata hewa. Tako la ukuta wa jengo la nyuma bado lina unyevu kiasi, pale mfereji ulipokomea.

Jiko halikuwekwa kwenye chumba kipya. Wenye nyumba waliligeuza wazo lao wenyewe: jiko likarudi katika jengo la nyuma, kwenye chumba kilekile chenye dohani ya mawe yanayotokeza, na chumba cha vioo kikawa cha kukaa.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kusubiri majira ya baridi kulilipa zaidi ya hatua nyingine yoyote. Bila hivyo nyumba ya kwanza ingebomolewa kwa kibali kilichoombwa kwa nia njema na kwa maelezo yasiyo sahihi, na dawa ingechomwa kwenye kuta ambazo tatizo lake lilikuwa juu, kwenye bati la risasi.

Kipimo walichokitumia kwa kila nyongeza kilikuwa kizuri: inafanya nini kwa maji, na inaeleza nini kuhusu waliokaa hapa? Umri peke yake usingewasaidia. Nilipoitazama michoro niliona pia kwamba makosa yote manne ya maji yalikuwa kwenye mikutano, yaani paa na ukuta, dohani na hewa, saruji na jiwe, ua na sakafu. Hakuna jengo hata moja kati ya yale matatu ya kale lililokuwa bovu katikati yake.

Msomaji anayezijua nyumba za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hatashangazwa na habari ya saruji. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilipopigwa saruji zilipata ugonjwa huohuo: chumvi na maji vikafungiwa ndani, na vichwa vya boriti vikaoza kimyakimya ukutani.

Ratiba ndiyo iliyoshindikana, na chanzo chake ni cha mapema kuliko watu wengi walivyodhani. Uchunguzi ulifanywa majira ya baridi, popo wakiwa wamelala, na hakuna aliyeagiza wakaguliwe kiangazi kabla ya mkataba wa paa kutolewa. Nyumba yenye dari la kale na vigae vya mawe ilipaswa kudhaniwa ina popo mpaka ithibitishwe haina. Kuchelewa kwa paa kukasukuma lipu, na lipu ikakutana na barafu. Fundi wa chokaa alilaumiwa Machi, lakini uamuzi wa kumruhusu aanze ukuta wa kaskazini mwishoni mwa Oktoba haukuwa wake peke yake. Ukuta ungeweza kuachwa na jiwe wazi chini ya turubai hadi Aprili. Kilichowazuia ni tarehe ya kuhamia.

Kuhusu mfereji mfupi sina lawama. Unyevu kidogo kwenye tako la ukuta ni bei nafuu kuliko msingi uliotikiswa, na sakafu ya mawe ya chumba kile inaustahimili.

Mabanda ya shamba, yaliyo ng'ambo ya ua, yamebaki kwa awamu ya pili. Ukaguzi wa popo umepangwa ufanyike kuanzia Mei hadi Septemba kabla ya zabuni kutangazwa, na mkataba unakataza kupiga chokaa nje kati ya Oktoba na mwisho wa Machi bila idhini ya maandishi ya msanifu na ya fundi mwenyewe.